Kufumba macho kwenye piano si kupandisha

Hapa Mombasa nimesikia mara nyingi: mpiga piano akifumba macho, watu husema amepandisha, kwamba roho ndiyo inayopiga. Sivyo. Nimekaa kwenye chumba kimoja Tudor nikimtazama binti akirudia mistari miwili ya Bach, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, karibu saa nzima, huku akifuta vibonye kwa leso kwa jinsi joto la Kaskazi linavyomtoa jasho. Ibada yake ilikuwa pale pale, kwenye kurudia.

Bach mwenyewe, aliyefariki 1750, aliandika herufi S.D.G. mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisani. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini, Soli Deo Gloria: utukufu kwa Mungu pekee. Lakini alikuwa ameshapanga kila nota. Naye Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Kisovieti, uzeeni alipiga katika kumbi zenye giza, taa ndogo ikimulika karatasi za nota tu, ili watu wausikilize muziki badala ya kumtazama yeye. Huko ni kujiweka kando, na kunataka akili timamu. Macho yakifumbwa, masikio ndiyo yako kazini, yanapima sauti inavyofifia kabla kidole hakijashuka tena.