Stanti za ndege za kamba: resi kubwa siyo dili

Watu wengi wakianza kurusha hizi modeli za kamba, zile unazungushwa nazo huku umeshika mpini, wanadhani injini ikilia kwa resi ya mwisho ndo ndege itapiga lupu (duara la wima) vizuri, kwa hiyo wanakaza sindano ya mafuta, yaani wanapunguza mafuta, mpaka injini inapiga kelele ya nyuki halafu wanaachia. Si kweli kabisa.

Chukua Fox 35, injini ya zamani ya Kimarekani iliyofunza wengi stanti, yaani michezo ya angani, na propela ya inchi 10 kwa 6 (upana 10, pichi 6; pichi ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja). Hiyo inatuniwa mafuta yawe mengi kidogo, ikiwa usawa inalia nzito kama foo-stroki ingawa ni tu-stroki, maana inakosa kuwaka mzunguko mmoja ndani ya miwili. Ukiinua pua, mzigo unaongezeka, inashika kila mzunguko, nguvu inakuja yenyewe pale unapoihitaji, ukishuka inarudi kulia nzito. Na hewani propela inapata wepesi, resi inapanda, mafuta kwenye mchanganyiko na hewa yanapungua, so ukikaza sana ukiwa chini, juu huko itapata moto na kufa.

Na propela nayo ni nusu ya kazi. Pichi kubwa inakimbiza ndege kwenye kushuka, mkono unavutwa balaa. Wenye bomba la ekzosti la kutuniwa (lililopimwa urefu lisaidie injini kwenye resi fulani) wanapunguza pichi mpaka karibu inchi 4, injini inazunguka kasi lakini ndege haikimbii, na kwenye kushuka propela inafunga breki. Badilisha kitu kimoja kimoja, ukigusa sindano usiguse propela.