Mtoto anasaga meno usiku: kabla hujanunua tena dawa ya minyoo

Tangu tulipoanza kupita skuli za Pemba kukagua vinywa vya watoto, hatukosi mzazi anayetusubiri mlangoni na suali lile lile: "Daktari, mwanangu anasaga meno usiku, dawa ya minyoo nimeshampa mara tatu, mbona haachi?" Wengine wameshawapa watoto dawa hiyo mara tano ndani ya mwaka mmoja. Nalijibu hapa kwa maandishi ili jawabu lifike na kwenye shehia ambazo bado hatujazifikia.

Dawa ya minyoo ina kazi yake, na watoto wanapogaiwa skuli albendazole ya miligramu 400, mara moja au mbili kwa mwaka, tunawaomba wazee wasiwazuie. Lakini utabibu haujathibitisha kwamba minyoo ndiyo inayosagisha meno. Wapo watoto wenye minyoo wanaolala kimya, na wapo wanaosaga ambao choo chao kimepimwa kikaonekana safi. Kumrudishia mtoto dawa kila mwezi bila kipimo ni makosa. Tumelisema vituoni, tumelisema mikutanoni, na bado linarudi. Tafadhali sana tusikilizane.

Asili ya jambo hili imo kwenye usingizi wenyewe. Ubongo wa aliyelala hushtuka kidogo mara kadhaa kwa usiku bila mtu kuamka. Moyo huenda mbio kidogo, na kwa baadhi ya watu misuli ya taya hukaza na meno yakasuguana. Mwenyewe hana habari. Hutokea kwa watu wazima kati ya 8 na 13 katika kila 100, na kwa watoto ni zaidi, hasa kabla meno ya utotoni hayajamaliza kung'oka, yaani mpaka kwenye miaka 12. Wengi huacha wenyewe.

Kwa mtu mzima, huzidishwa na wasiwasi na mawazo, kahawa ya barazani baada ya Isha, sigara, ulevi na mirungu (ambayo kisheria ni marufuku, na adhabu yake ni mahakamani, si kwangu). Baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini na sertralini nazo huweza kuleta hali hii. Usiziache kwa kusoma makala. Rudi kwa daktari aliyekuandikia.

Linalonitia hofu zaidi ni kukoroma. Mtu anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi kisha akashtuka kama aliyekuwa anazama, huyo shida yake kubwa ni pumzi, si meno. Na mtoto anayelala mdomo wazi kila siku na kusaga meno aangaliwe mafindofindo na nyama za puani. Nimeona watoto waliosumbuliwa kwa miaka kwa kuitwa wazembe darasani, kumbe usiku hawalali.

Dalili nyengine ni kuamka na maumivu ya panja, taya kuchoka, meno kuuma yakipata maji baridi, au kuonekana mafupi na bapa. Hapa kwetu wengi hukimbilia karafuu. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, ni kweli, lakini haiizuii taya kusaga, na mafuta yake makali yakiwekwa mara kwa mara huunguza ufizi.

Mtoto mwenye meno ya utotoni kwa kawaida hatumpi kifaa chochote, kwani taya lake bado linakua. Mtu mzima hutengenezewa kikinga meno, plastiki ngumu inayovaliwa usiku. Hakiondoi ugonjwa, hulinda meno yasilike. Utaratibu ni huu: unafika kituo cha afya cha karibu, unapata barua ya rufaa yenye muhuri, unakuja nayo kliniki ya meno pamoja na kitambulisho. Barua isiyo na muhuri hairuhusiwi. Mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aje na kadi yake mwenyewe. Kutumia kadi ya ndugu ni udanganyifu na ni kosa, hata kama ndugu ameridhia. Siku ya kwanza tunachunguza na kuchukua chapa ya meno ya juu na ya chini, siku ya pili tunakivisha na kukirekebisha, kisha unarudi kukaguliwa. Asiyetokea siku yake bila taarifa hupangiwa tarehe upya, baada ya waliokwishapangwa.

Msikubali kupigwa tupa meno ili "yakae sawa". Ganda la jino likiondoka halioti tena, na usagaji hautaacha kwa hilo. Anayetibu meno bila usajili anavunja sheria. Mpelekeeni taarifa sheha au wilaya.

Kikinga kisafishwe kwa mswaki na maji baridi, kisitiwe maji ya moto kwani hupinda. Mwezi wa Ramadhani kitolewe wakati wa daku. Na mkija kliniki, mume aje na mkewe, mke na mumewe, mtoto na anayelala naye chumba kimoja, hata akiwa bibi yake, maana tutakaemuuliza kwanza ni yule aliyeisikia sauti.