Hela za tembo zina wenyewe

"Nyie wa tembo hela mnazo, Wazungu wanawamwagia." Nimeambiwa tena, mimi ninayefanya kazi kwenye mradi wa tembo, safari hii stendi ya Nanenane, Dodoma, na mzee mmoja aliyetaka kujua kwa nini mtama wa shemeji yake kule Chemba, ulioliwa na tembo, haujalipwa. Basi naandika, nikiulizwa tena natuma kiungo tu.

Kifuta jasho, yaani malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, ni cha serikali. Aanzie kijijini, aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hilo limekwisha.

Sasa hela zetu. Mfadhili hakupi hela, anakupa mafungu. Andiko la kuomba hela likipita, kila shilingi ina jina lake: mafuta, mizinga ya nyuki, posho za walinzi wa mashamba, ukaguzi. Zinakuja kwa awamu, na ripoti ya kwanza isipokubaliwa, ya pili huioni. Nikinunua tairi kwa fungu la mizinga, nimepata hoja ya ukaguzi, hata kama gari lililala porini. Bakaa inarudi kwa mwenyewe. Halafu risiti! Nionyesheni bodaboda wa Kwa Mtoro mwenye mashine ya EFD. Ninacho kikaratasi cha daftari, jina, namba ya pikipiki, sahihi iliyopinda, na hicho ndicho nakitetea mbele ya mkaguzi kama wakili.

Mifuko nayo haifanani. Wa Mohamed bin Zayed, ulioanza 2009, hutoa ruzuku ndogo, mwisho dola 25,000, kwa spishi uliyoitaja. Ukiombea chura, usimpelekee tembo. EAMCEF ya Morogoro, inayohudumia Milima ya Tao la Mashariki, ni ya wakfu: mtaji unawekezwa, inatumika faida. Watu wanalalamika eti wamekalia hela. Wamekalia, ndiyo. Ndiyo maana wangalipo, wakati miradi ya miaka mitatu mitatu inazikwa kila siku.

Ninachotilia shaka mimi ni mizinga. Uzio wa nyuki wa mtafiti Lucy King, mizinga inayotundikwa kuzunguka shamba ili tembo waogope nyuki, umefanya kazi Kenya, na wafadhili wanaupenda. Asali inapendeza kwenye picha. Lakini huko huko Sagalla, jirani na Tsavo, ukame ulipopiga mizinga mingi ilibaki mitupu, na mzinga mtupu haumzuii tembo kama wenye nyuki. Chemba je, tunakokaa na kiangazi miezi saba? Bado naiandika mizinga, kwa sababu andiko lenye nyuki linapita. Safari hii nimeongeza fungu la maji ya nyuki. Wamejibu kwa kuuliza nyuki mmoja anakunywa lita ngapi.