Sayari ya Buluu Isiyo na Bahari

Kila picha ya HD 189733 b, sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua, inapoenea mitandaoni, sisi tunaofundisha elimu ya anga tunaulizwa swali lilelile: mbona ni ya buluu, kule kuna bahari? Hakuna. Hakuna hata ardhi ya kukanyaga. Na picha yenyewe ni kazi ya msanii, kwa sababu sayari hii iko umbali wa takriban miaka 64 ya nuru na imejibanza mno kwenye nyota yake. Darubini zetu haziwezi kuitenga zikaiona peke yake. Lakini rangi ile ya buluu si ya kubuni. Imepimwa, na jinsi ilivyopimwa ni jambo ambalo kila anayeitazama picha ile anastahili kulijua.

Sayari hii ilitangazwa mwaka 2005, baada ya kugunduliwa kutoka kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Ni dubwana la gesi, sehemu kubwa hidrojeni na heliamu, na kwa ukubwa na uzito imeizidi Mshtarii kidogo tu. Kinachoitofautisha ni mahali ilipo. Mshtarii iko kilomita milioni 778 kutoka kwenye Jua na hulizunguka kwa karibu miaka 12. Hii iko chini ya kilomita milioni 5 kutoka kwenye nyota yake, umbali ambao haufikii hata sehemu ya kumi ya ule wa Utaridi na Jua. Mwaka wake mzima unakwisha kwa saa 53. Wanaastronomia huziita sayari za namna hii Mshtarii-moto.

Ukaribu huo una matokeo yake. Inaaminika kwamba mvutano wa nyota umeipunguzia sayari kasi ya kujizungusha hadi upande mmoja ukabaki umeielekea nyota siku zote, kama Mwezi unavyotuonyesha uso uleule. Upande mmoja ni mchana usiokwisha, wa pili ni usiku usiokucha. Mtu angetegemea upande wa usiku uwe wa baridi kali. Sivyo. Mwaka 2007 darubini ya angani ya Spitzer ilitoa ramani ya joto la sayari hii, ya kwanza ya aina yake kwa sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua: mchana ni zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi, usiku karibu 700. Tena eneo lenye joto kuliko yote halikuwa pale ambapo nyota iko utosini, bali lilikuwa limesogea upande wa mashariki. Ni upepo unaolisukuma joto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza kwamba wameupima upepo huo: unavuma kwa zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 7,000 kwa saa.

Sasa turudi kwenye rangi. Bahati yetu ni kwamba mzunguko wa sayari hii umelala sambamba na mstari wetu wa kuangalia. Kila baada ya saa 53 inapita mbele ya nyota yake, na nusu ya mzunguko baadaye inajificha nyuma yake. Kabla tu haijajificha, nuru inayotufikia ni ya nyota pamoja na ile kidogo inayoakisiwa na upande wa mchana wa sayari. Ikishajificha, inabaki nuru ya nyota peke yake. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, unabaki na nuru ya sayari yenyewe. Mwaka 2013 watafiti waliotumia darubini ya Hubble walifanya hesabu hiyo rangi kwa rangi. Sayari ilipojificha, nuru ya buluu ilipungua kwa kiasi cha sehemu 130 hivi katika kila milioni moja. Nuru ya kijani haikuonyesha upungufu wowote wa kupimika. Kwa maneno mengine, sayari inarudisha buluu na kuzimeza rangi nyingine. Mimi nimezoea takwimu za kazi hii, lakini hesabu hii bado inanisisimua: rangi ya kitu ambacho hakijaonekana, imejulikana kwa kungoja kijifiche.

Buluu hiyo inatokana na utusitusi ulio juu katika angahewa. Chembechembe zake ni ndogo mno, hutawanya nuru ya buluu kuliko nyekundu, huku sodiamu iliyomo katika gesi ikifyonza sehemu ya rangi zinazobaki. Vipimo vinaashiria kuwa chembe hizo ni za silika, jamii moja na mchanga na kioo. Ukiongeza na upepo ule mkali, hapo ndipo ilipozaliwa habari ya “mvua ya vioo inayonyesha kiubavu”. Ni wazo lenye msingi, ila nawasihi wasomaji walichukue kama wazo: upepo umepimwa na utusitusi umepimwa, lakini hiyo mvua haijapimwa. Kilichothibitishwa ni mvuke wa maji na, mwaka 2024, kwa darubini ya James Webb, hidrojeni salfaidi, gesi ile yenye harufu ya yai viza.

Imefikaje pale? Karibu na nyota, joto ni kali mno na malighafi ni haba kwa dubwana kama hili kujijenga, kwa hiyo wengi wetu tunaona kwamba lilizaliwa mbali likahamia ndani. Huenda lilisukumwa na diski ya gesi na vumbi iliyoizunguka nyota changa, au lilivurugwa na mvutano wa jirani yake. Wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza 51 Pegasi b mwaka 1995, Mshtarii-moto nyingine yenye mwaka wa siku 4 na kidogo, wapo wanasayansi walioona vigumu kuamini. Mwaka 2019 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Anayetaka kuishuhudia HD 189733 b mwenyewe haihitaji Hubble. Nyota yake iko katika kundinyota la Vulpecula na huonekana kwa darubini ya mkononi, ingawa sayari haitaonekana. Mwenye darubini ndogo na kamera nzuri anaweza kuinasa ikipita mbele ya nyota: kwa muda usiofika saa mbili, nuru hushuka kwa takriban asilimia 2.4, kisha hurudi ilivyokuwa. Wanaastronomia wa ridhaa wamekuwa wakirekodi mipito hiyo, na vipimo vyao husaidia kuhakikisha kwamba ratiba ya sayari haijabadilika.