Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama mazoti

Katika magaraji mengi ya Lubumbashi, mwenye pikapu ya zamani huambiwa: "Gesi imeisha, kila mwaka lazima ujaze." Wengi wanaamini hivyo, na si kweli. Gesi hiyo haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa inaibana, inapoa kwenye kondensa (ile inayofanana na rejeta, mbele ya gari), kisha inarudi. Ikipungua, imetoka mahali. Mipira na sili kuukuu huvujisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini ubaridi ukipotea baada ya miezi michache, kuna tundu, na kujaza tu ni kutupa pesa ya familia.

Tazama viungo vya mabomba. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo panapovuja huwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Povu la sabuni litathibitisha.

Na vumbi letu la kiangazi! Kondensa ikiziba, au feni yake ikifa, hewa haipoi hata gesi ikiwa kamili. Ukiongeza gesi hapo, shinikizo linapanda na kompresa inaumia. Pikapu za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 nyingi zilitoka kiwandani na gesi ya aina ya R-12, za baadaye aina ya R-134a; gesi hizi mbili hazichanganywi.