Aliyeanguka alikwisha kuombewa: dhana potofu kuhusu kuanguka kiroho na kupata nguvu tena

Mtu akianguka kiroho, maneno ya kwanza kumfikia mara nyingi si ya Biblia. Ni maneno ya watu, yaliyorudiwa mpaka yakafanana na maandiko. Nayaandikia hapa kwa uchungu, kwa sababu nimeona waamini wakikaa miaka nje ya ibada, na kilichowazuia kurudi si dhambi yenyewe. Ni yale waliyoamini kuihusu.

Dhana: Mtu huanguka siku moja

Petro tunamkumbuka kwa usiku wa jogoo, alipomkana Yesu, kana kwamba alianguka dakika ile kijakazi alipomkazia macho. Lakini soma Luka 22 taratibu, uhesabu ngazi alizoshuka. Kwanza alijitapa kwamba yuko tayari kwenda gerezani, hata kufa. Baadaye akalala mahali walipoambiwa waombe. Bwana alipokamatwa, Luka anasema Petro alimfuata kwa mbali. Mwisho akaketi kuota moto katikati ya watu wa nyumba ya kuhani mkuu. Swali la kijakazi lilimkuta chini tayari.

Samsoni naye ni hivyo hivyo. Wengi husema nguvu zake zilikuwa nyweleni, kwa hiyo wembe ndio uliomwangusha. Nywele zilikuwa alama ya unadhiri wake, yaani kuwekwa wakfu kwa Mungu. Nguvu zilitoka kwa Bwana, naye alikuwa amekwisha kuuchezea unadhiri huo muda mrefu kabla ya kulala magotini pa Delila. Waamuzi 16:20 inasema aliamka akidhani atatoka kama siku nyingine, wala hakujua ya kuwa Bwana amemwacha. Mimi hilo neno "hakujua" hunitisha kuliko kung'olewa macho kwake. Huduma inaweza kuendelea, wimbo ukaimbwa, sadaka ikatolewa, na ndani hamna kitu.

Dhana: Nikianguka, Yesu hushtuka na kunigeuzia kisogo

Hii ndiyo inayowaweka watu gizani, na ndiyo iliyo mbali zaidi na Injili.

Kabla Petro hajakana hata mara moja, Yesu alimwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Angalia mpangilio wake. Maombi yalitangulia anguko, na kazi ya baada ya kurejea ilitajwa kabla jogoo hajawika. Hakusema "ukiongoka". Alisema "utakapoongoka". Kisha, jogoo alipowika, Luka anaandika kwamba Bwana aligeuka akamtazama Petro. Aligeuka kumwelekea.

Halafu nenda Yohana 21. Wanafunzi wanafika pwani wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Neno la Kiyunani la moto huo wa makaa linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapo, na katika Yohana 18:18, ule moto ambao Petro alisimama akiuota alipokuwa akikana. Yesu alimrudisha kwenye harufu ileile ya moshi. Akamlisha kwanza. Ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo. Uliponywa moyo wa Petro palepale ulipojeruhiwa, na kazi akapewa asubuhi hiyohiyo.

Wapo wanaoogopa kwamba wametenda dhambi isiyosameheka. Marko 3 inaeleza kwa nini Yesu alitoa onyo hilo: walimu wa sheria waliiona kazi ya Roho wa Mungu wakaiita ya pepo mchafu. Anayelia usiku akitamani kurudi kwa Kristo hafanani nao hata kidogo.

Dhana: Nguvu mpya hurudi kwa kishindo, kama tai

Kuna hadithi maarufu mimbarini: tai akifika miaka 40 hupanda mlimani, huupondaponda mdomo wake kwenye jabali mpaka ung'oke, hung'oa kucha na manyoya, hukaa miezi akisubiri vyote viote upya, kisha huishi miaka mingine 30. Haina ukweli. Tai asiye na mdomo hali, na asiyekula hufa. Manyoya ya tai hubadilika kidogo kidogo, moja likidondoka jingine likiota, huku yeye akiendelea kuruka na kuwinda.

Na ukweli huu unafaa kuhubiriwa kuliko hadithi. Isaya 40:31 haimtaji tai anayejitesa. Inawataja "wao wamngojeao BWANA". Tena mstari huo hauishii angani. Unaanza na kupaa, unashuka kwenye kupiga mbio, unamalizia na kwenda kwa miguu bila kuzimia. Kwa mtu aliyetoka kuanguka, nguvu mpya mara nyingi ni hiyo ya mwisho: kuomba dakika chache leo, na kesho tena.

Dhana: Mwenye imani hachoki

Nabii Eliya, siku chache baada ya moto kushuka mlima Karmeli, alilala chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndipo akatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka mlima Horebu.

Dhana: Ukisamehewa, matokeo hufutika

Daudi alisamehewa siku ileile nabii Nathani alipomkabili kwa dhambi yake na Bathsheba, na bado mtoto wao alikufa. Zaburi 51 haiombi kurudishiwa heshima mbele ya watu. Inaomba moyo safi na furaha ya wokovu.

Dhana: Kanisa likimrejesha aliyeanguka, linalea dhambi

Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu. Wakristo wengi walikubali kwa hofu. Wengine walinunua hati za kuonyesha wametoa. Mateso yalipopoa, Novatiano wa Rumi alisema kanisa lisiwapokee tena. Cyprian wa Karthago na maaskofu wenzake, mwaka 251, waliamua toba ya kweli ifunguliwe mlango, na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 ukasimama upande huo.

Paulo anaagiza katika Wagalatia 6:1, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole." Kitenzi hicho cha Kiyunani ndicho kinachotumika kwa Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao. Wavu uliochanika haupigwi kelele. Unashonwa, fundo kwa fundo.

Paulo mwenyewe alijifunza hilo. Yohana Marko aliwaacha njiani Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena mpaka akatengana na Barnaba. Lakini katika 2 Timotheo anaagiza Marko aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Mapokeo ya kale yanasema Marko huyo aliandika Injili yake kutokana na aliyoyasimulia Petro. Injili hiyo haikuficha lolote la usiku ule: kijakazi, laana, jogoo aliyewika mara mbili, na Petro akilia.