Maboksi chini ya kitanda: anachokiogopa mwandishi mpya na kinachomla

Mwandishi mpya akinipigia simu kuhusu kujichapia kitabu, swali la kwanza huwa lilelile: nifanyeje wasiniibie? La pili, nani atakinunua, mara nyingi haliulizwi kabisa. Na humo ndimo dhana nyingi potofu zinapozaliwa.

"Nisiposajili muswada, hakimiliki si yangu."

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 haidai usajili, ya Kenya ya 2001 vilevile. Zanzibar wana sheria yao. Kujisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au KECOBO (ya Kenya) kunakupa ushahidi siku ya kesi, basi. Tena kinacholindwa ni maandishi yako, si wazo: kisa cha binti aliyeolewa na jini hakina mwenyewe. Kwa hiyo mpe mhariri muswada wako. Wapo wanaomficha hata yeye, kisha wanatoa riwaya ambayo mhusika ni Asha ukurasa wa 12 na Aisha ukurasa wa 90.

"Nina ISBN, kwa hiyo nimelindwa."

Hiyo ni namba ya utambulisho tu, tarakimu 13 (kabla ya 2007 zilikuwa 10), ili maduka na maktaba zijue kitabu kipi ni kipi. Nchini Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na la kielektroniki, kila moja na namba yake.

"Nikichapa nakala 1,000 nitapata nafuu."

Hapa ndipo pesa za watu zinapozama, na zangu zimo. Mwenye kiwanda hakudanganyi: kwenye ofseti, yaani uchapaji wa kutumia pleti (bamba zenye sura ya kurasa), gharama ya pleti na kuandaa mashine ni ileile uchape 200 au 2,000, hivyo kadiri unavyoongeza ndivyo bei ya nakala moja inavyoshuka. Ila nafuu hiyo unaipata nakala ikiuzwa. Mimi nilichapa 1,000 kwa kuipenda bei, na mwaka wa pili mke wangu akawa anauliza maboksi ya chini ya kitanda yatahama lini. Siku hizi mashine za kidijitali zinachapa hata nakala 50. Kila moja itakuwa ghali zaidi, lakini ukigundua jina limekosewa kwenye jalada, umekosea mara 50 tu.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Tuseme kitabu ni shilingi 10,000, kukichapa ni 4,000, na duka linachukua asilimia 35. Unabaki na 2,500. Kama mhariri, mpangaji kurasa na mchora jalada walikula 800,000, mpaka uuze nakala 320 ndipo zirudi. Ukiuza kwa mkono wako unabaki na 6,000, na nakala 134 zinatosha.

"Maduka yatakiuza."

Kitabu cha mtu asiyejulikana, maduka mengi hukipokea kwa mali kauli: kikiuzwa ndipo unalipwa. Na rafu haimwiti mtu. Andikishianeni idadi na tarehe, la sivyo utarudi baada ya miezi sita umkute muuzaji mwingine asiyekujua wewe wala kitabu chako. Wanunuzi wako wa mwanzo wako kwingine: kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, msikitini au kanisani, ushirika wa wafugaji kama umeandika juu ya kuku. Chukua oda kabla ya kwenda kiwandani, kwa pesa. Aliyekwisha kutuma kwa simu ni mteja. Aliyeandika "hongera sana kaka" bado.

"Uzinduzi ukijaa watu, kitabu kimeuzika."

Uzinduzi una mgeni rasmi, keki na picha, na mjomba ananunua nakala moja kwa 50,000 kama anayechangia harusi. Pesa nzuri, sikatai. Ila pale wamekununua wewe. Kitabu chenyewe kinaanza kuuzika siku mtu wa Songea usiyemjua anapotuma ujumbe kuuliza kitamfikiaje, nawe umeshajua nauli ya kifurushi, unakifunga kwenye bahasha nene na kuwahi stendi kabla basi halijaondoka.